Kiongozi wa Laki Tatu na Nusu

Hivi mtu akichaguliwa, anatakiwa alipe? Nauliza kwa sababu barua zimeanza kufika hadi huku kwetu Kemambo, kata ya Tarime ambayo wengi wenu mnaijua kwa dhahabu ya North Mara tu. Barua ina nembo, ina muhuri, ina lugha tamu: mwanao ameteuliwa, kutokana na kipaji chake cha kipekee, kuhudhuria kongamano la viongozi wanafunzi, siku tatu, mjini. Ada iko ukurasa wa pili. Kwenye ile niliyoonyeshwa mimi ilikuwa shilingi 350,000, na nauli juu ya mzazi.

Mzee aliyenionyesha alikuwa ameikunja vizuri kama hati ya shamba, akipiga hesabu auze mbuzi wangapi. Nikamwomba amuulize binti yake ni wangapi wamepewa barua kama hiyo darasani. Kumi na tisa. Mzee akacheka kwa uchungu: "Sasa mura, kama wote hawa ni viongozi, nani anaongozwa?"

Sijasikia uhakiki mzuri zaidi wa maandishi yale.

Tukumbushane kidogo. Kabla ya 2016, ada ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na hata hiyo ilikuwa inawarudisha watoto nyumbani. Ikafutwa. Leo siku tatu za ukumbini, chai na vitafunwa, zinataka ada ya miaka kumi na saba na nusu ya wakati ule. Wala si ubunifu wa kwetu. Mwaka 2009, Obama alipoapishwa, New York Times liliandika kuhusu wanafunzi wa Marekani waliopokea barua za "uteuzi" za namna hiyohiyo, familia zikatoa zaidi ya dola 2,000 kwa mtoto mmoja. Ujanja wenyewe uko kwenye kitenzi. Ukiandika "karibu ununue tiketi", mzazi atauliza bei. Ukiandika "ameteuliwa", anaona aibu kuuliza.

Najua nitaambiwa watoto wanapata marafiki wa mikoa mingine, wanapanda basi la mbali, wanazoea kushika kipaza sauti. Sawa, na mimi ningependa kila mtoto wa Nyamongo aione Dar. Lakini hiyo iitwe safari, iuzwe kama safari.

Uongozi unajulikana hapa Mara unavyopatikana. Mwaka 1934 mtoto mmoja wa Butiama alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, kilomita kama 40 kutoka kwao. Alipofika Makerere mwaka 1943 aliandika insha kuhusu hali ya wanawake, ikashinda tuzo, na pamoja na wenzake akaanzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika. Insha na chama! Vitu viwili ambavyo shule yoyote ya kata inaweza kuvianzisha Jumatatu ijayo, kwa daftari na benchi. (Baadaye huyohuyo akamtafsiri Shakespeare, lakini hilo wasomaji wa humu hamhitaji kuambiwa.)

Na kama mnataka kongamano la viongozi wanafunzi, nendeni Masanga, hapahapa Tarime, msimu wa ukeketaji unapofika Desemba. Mtakuta wasichana waliokataa kukeketwa, wengine wamekimbia nyumbani kwao, wamepata hifadhi kituoni. Kumkatalia baba, bibi na ukoo mzima ukiwa na miaka kumi na tatu, kisha Januari urudi darasani na wenzako wakutazame: hiyo siku tatu za ukumbini zitaifundishaje? Hakuna aliyewaandikia barua kwamba wana kipaji cha kipekee. Kinachoniudhi hasa ni kwamba binti wa namna hii, kwa kukosa laki tatu na nusu, ataambiwa na bahasha ya mwenzake kwamba yeye si kiongozi.

Kwa hiyo walimu wakuu, kabla hamjagawa bahasha hizo paredi, ulizeni mawili: nani aliwataja watoto hawa, na asiye na hela anaingiaje? Wakibabaika, rudisheni mzigo. Na mzazi ambaye hela hiyo anayo kweli, anunulie shule riwaya na tamthiliya zijaze rafu moja, zisomwe na wale kumi na tisa pamoja na wote waliokosa barua.