Kimo cha ndege hakipimwi na rada

Aghalabu husemwa darasani kwamba rada hupima umbali na kimo cha ndege. Kauli hiyo ni kweli nusu tu, nami naona yafaa irekebishwe.

Umbali rada huupima yenyewe. Hutuma wimbi liendalo takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kisha husubiri mwangwi. Mwangwi ukirejea baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, wimbi limesafiri kilomita 300, kwenda na kurudi. Basi ndege iko kilomita 150 kutoka hapo.

Kimo ni habari nyingine kabisa. Rada inayoongoza ndege za abiria kwa kawaida huiuliza ndege, nayo hujibu kwa redio ikitaja kimo ilichokadiria kwa mgandamizo wa hewa ya nje. Mwongozaji aliye chini husoma maneno ya ndege yenyewe.

Tarehe 2 Oktoba 1996, ndege ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima, matundu yake ya kupimia hewa yakiwa yamezibwa kwa utepe uliosahauliwa baada ya usafi. Marubani, wakivishuku vipimo vyao, walimwomba mwongozaji awatajie kimo. Akawaambia futi 9,700, kama kioo chake kilivyoonyesha. Mara ndege ikagusa bahari. Watu wote 70 walikufa.

Mwongozaji yule hakukosea kusoma. Ningependa walimu wa fizikia waanzie somo hapo, kabla ya kuandika mlinganyo wowote ubaoni.