Mbogi ikivunjika, albamu inabaki ya nani? Funzo kutoka Dandora

Kila mtaa wa Eastlands una hadithi yake ya kundi lililovunjika. Dandora, Umoja, Kayole, Buru, kote utasimuliwa vilevile: walikuwa wasee watatu au wanne, wakatoa ngoma kali, mathree zikaipiga asubuhi hadi usiku, kisha kila mtu akashika njia yake. Ukiuliza kilichotokea utaambiwa "ni doo" au "ni maringo", na stori inaishia hapo.

Lakini kuna swali ambalo ni nadra tuulize. Ile kazi waliyoiacha ni ya nani sasa?

Tuanze na wakongwe. Kalamashaka, yaani Kama, Johnny na Roba, walitokea Dandora miaka ya 90. Mtaa huo ulianzishwa miaka ya 70 kama mradi wa ploti za watu wa kipato cha chini, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Baadaye ukajulikana zaidi kwa jalala linalopokea taka za jiji zima. Wakati huo rapa wengi wa Nairobi walikuwa wakichana kwa Kiingereza cha kuazima Marekani. K-Shaka walikuja na Kiswahili na Sheng, wakieleza njaa, polisi na maisha ya vijana wasio na kazi. "Tafsiri Hii" ikawatoa mtaani, na mwaka 2001 wakatoa albamu, Ni Wakati.

Hiyo ndiyo albamu pekee waliyotoa wakiwa kundi la watu watatu. Baada yake nguvu ilihamia Ukoo Flani Mau Mau, muungano mkubwa wa machipukizi wa Nairobi na Mombasa uliotupa Kilio cha Haki mwaka 2004 na Dandora Burning mwaka 2006. Muungano huo nao ukalegea. Juliani, kijana wa Dandora aliyelelewa humo, alitoka na kujenga jina lake mwenyewe, na Mtaa Mentality ikatoka 2008. Wengine tunawasikia mara moja moja, na kila mwaka lazima mtu aulize mtandaoni K-Shaka watarudi lini.

Hapa tusikosee. Kundi kuvunjika si dhambi. Ukiwa na miaka 19 mnaweza kulala watano kwenye chumba kimoja na kugawana chapati mbili. Ukifika 27 una kodi, una mtoto, una mzazi anayeumwa. Hata walio na afueni huachana. Just A Band, wale waliotuletea Makmende mwaka 2010 na muziki ambao redio hazikujua ziuweke kapu gani, walitoa albamu yao ya tatu, Sorry for the Delay, mwaka 2012. Kipindi hichohicho Jim Chuchu aliondoka, akaelekeza nguvu kwa Nest Collective. Mbithi Masya akaongoza filamu ya Kati Kati, iliyotoka 2016. Blinky Bill akatoa albamu yake mwenyewe 2018. Kuachana kwao kulitupa kazi zaidi.

Sauti Sol nao walitoa Midnight Train mwaka 2020, na Mei 2023 wakatangaza kwamba wanapumzika kama bendi kwa muda usiojulikana. Hawakutoweka kimyakimya. Walifanya ziara ya kuaga, wakaifunga kwa tamasha hapa Nairobi Novemba mwaka huo, na kampuni waliyoijenga pamoja haikuvunjwa kwa sababu tu jukwaa limevunjwa.

Kwa mtazamo wangu, tofauti kubwa kati ya Sauti Sol na mbogi ya kawaida ya Eastlands haiko kwenye kipaji, maana hicho Eastlands hatujawahi kukosa. Tofauti iko kwenye makaratasi.

Angalia gengetone. Mwaka 2018 Ethic, vijana wanne wa Umoja, walitoa "Lamba Lolo" na mlango ukafunguka. Ndani ya mwaka mmoja kila kona ilikuwa na mbogi yake. Wengi walirekodi kwa haraka, video ikapigwa nje ya ploti, wimbo ukapakiwa kwenye akaunti ya yeyote aliyekuwa na nywila. Mambo yakiwa sawa hakuna anayejali. Siku wakikosana, aliye na nywila ndiye bosi. Prodyusa naye anadai biti ni yake. Meneja anadai jina ni lake. Na yule aliyeandika ile mistari inayoimbwa na nchi nzima anabaki kuisikia kwenye mathree kama abiria mwingine, tena amelipa nauli.

Sheria yenyewe haijawasahau. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki yako inaanza pale kazi inaporekodiwa au kuandikwa. Kusajili kwa KECOBO si lazima, ingawa cheti husaidia kama ushahidi mkizozana. Rekodi ya sauti inalindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa, kwa hivyo kazi iliyorekodiwa 2001 ina mwenyewe hadi mwisho wa 2051. Na hakuna anayeweza kudai umemhamishia hakimiliki yako kwa mdomo: uhamisho lazima uwe wa maandishi. Kwa miito ya simu, sheria inasema msanii au mwenye haki apate si chini ya asilimia 52.

Swali ni asilimia 52 ya nani? Kama mko wanne na hamkuandika chochote, huo mgao unafika mlangoni kwenu na kuanzisha vita. Ongeza mvutano usioisha kuhusu vyama vya kukusanya mirabaha, uone vile msanii asiye na karatasi anavyobaki mkia wa foleni.

Kuna wale watasema mambo ya mikataba yanaua undugu, kwamba ukimletea beshte yako karatasi asaini ni kama humwamini. Naelewa. Lakini angalia chama cha akina mama pale mtaani. Ni majirani, wanazikana, na bado kuna daftari, mweka hazina na sahihi. Daftari hilo ndilo linalowawezesha kubaki marafiki pesa zikichelewa.

Mbogi inaweza kufanya vivyo hivyo kabla ya kutoka studio. Ukurasa mmoja unatosha: nani aliandika, nani alitengeneza biti, kila mtu anapata asilimia ngapi, rekodi asili inakaa kwa nani, jina la kundi ni la nani, na mmoja akiondoka atalipwa vipi kwa nyimbo za zamani. Wote wasaini, prodyusa pia, kila mmoja abaki na nakala.

Hili si suala la wasanii peke yao. Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, "Anguka Nayo" ya Wadagliz ikawa wimbo wa maandamano. Wimbo wa mtaani uligeuka sauti ya kizazi kizima kwa wiki chache tu, vile Kalamashaka walivyokuwa sauti ya wale waliotutangulia. Nchi hii inajua kuchukua sauti ya mtaa inapoihitaji. Kulipa ndiko huwa kunasahaulika.

Makundi yataendelea kuvunjika, na mengine yatavunjika wiki hii. Albamu itabaki. Kabla hamjaachana, andikeni ni ya nani.