Kwani Lazima Iwe Katikati?

Muhula uliopita tuliambiwa tuchore saa. Mimi nikachora yenye duara lililoegemea kushoto na tarehe kubwa upande wa kulia. Nikapata alama nne kwa kumi, na maneno haya kwa wino mwekundu: "Haiko katikati." Wenzangu wakacheka, eti saa yangu imeanguka kutoka mezani.

Lakini sikuibuni. Picha yake nilionyeshwa na mzee mmoja fundi wa saa karibu na stendi. Yaitwa Lange 1, na hutengenezwa Glashütte, mji mdogo huko Ujerumani. Kazi hiyo ilianza mwaka 1845, kisha serikali ya kikomunisti ikataifisha kampuni mwaka 1948. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, Walter Lange, kitukuu wa mwanzilishi, akarudi kuianza upya mwaka 1990. Tarehe 24 Oktoba 1994 wakatoa saa zao za kwanza. Watu waliokuwa wanaanza tena hivyo wangeunda saa ya kawaida tu ili wasikosee. Wapi!

Itazame basi. Saa na dakika zina duara lao kushoto. Sekunde zina kiduara chao chini kulia. Juu kulia kuna tarehe katika vidirisha viwili, mfano wa saa ya jumba la opera la Dresden; hata babu angeisoma bila miwani. Chini ya tarehe, mshale mdogo huonyesha nguvu iliyobaki kabla hujaitia saa ufunguo tena. Hakuna kinachomkanyaga mwenzake. Saa zetu je? Ikifika saa tisa na robo, akrabu zote mbili zimelala juu ya tarehe, nawe ungoje! (Tena sisi tunaosema Kiswahili, mkono ukiwa kwenye saba twasema saa moja, na hatupotei. Uso wa saa ni mazoea tu.)

Wanaosema ni vurugu wachukue rula. Unganisha katikati ya duara kubwa, katikati ya kiduara cha sekunde na katikati ya tarehe, utapata pembetatu yenye pande mbili sawa. Nimepima mwenyewe kwenye picha. Ni kama mizani: kubwa moja huku, vidogo kadhaa kule, na haiinami.

Najua mtaniuliza bei. Ni zaidi ya dola 30,000, pesa za kulipa karo ya darasa letu zima, na mimi mwaka huu nimerudishwa nyumbani mara mbili kwa karo. Sisemi mtu ainunue. Lakini kuutazama mpangilio na kuupenda hakuna risiti.

Mchoro wangu bado ninao ndani ya daftari la hesabu. Siku ya wazazi nitaubandika ukutani, na nitaubandika upande wa kushoto.