Tupime Kwanza, Krimu Baadaye

Wengi wenu mnakumbuka wakati ambapo kila homa ilikuwa malaria. Mtoto akichemka mwili, mzazi alikwenda dukani kununua dawa ya malaria, na hata hospitalini mara nyingi matibabu yalianza kabla damu haijatazamwa. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya nchi yetu. Walifuatilia wagonjwa 4474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipopimwa kwa makini, waliokutwa na vijidudu vya malaria hawakufika nusu. Leo kipimo cha haraka cha malaria kimefika hadi zahanati za vijijini, na mama wa hapa Mnyuzi anajua kuuliza, "Amepimwa?"

Swali hilo hatujalizoea kwa fangasi. Duara likionekana kichwani mwa mtoto, ni mapunye. Ngozi ikibabuka, ni fangasi. Mama akiwashwa sehemu za siri, ni fangasi. Fedha inatoka, tyubu ya krimu inanunuliwa, na ikiisha bila nafuu inanunuliwa nyingine yenye nguvu zaidi. Kwa maoni yangu, fangasi nayo ipimwe, na familia ndizo ziwe za kwanza kudai kipimo.

Watu hudhani kipimo hiki ni cha hospitali kubwa tu. Sivyo. Mtaalamu wa maabara hukwangua magamba ya ngozi kwa wembe safi, pembeni mwa doa pale ugonjwa unapotambaa, si katikati. Kama ni kichwani, huchukua pia vipande vya nywele zilizokatika. Huviweka juu ya kioo, hudondoshea maji ya dawa iitwayo potasiamu haidroksidi, kisha hungoja dakika 10 hadi 20. Dawa hiyo hulainisha magamba ya ngozi lakini haiharibu fangasi. Katika hadubini, ile ile ya kutazamia malaria, fangasi huonekana kama nyuzi zenye matawi. Hakuna sindano. Watoto hulia kwa kuuona wembe tu.

Kipo pia kipimo cha kuotesha fangasi maabara ili kujua ni ya aina gani. Hicho huchukua wiki kadhaa na maabara zinazokifanya ni chache, wala si kila mgonjwa anakihitaji.

Wapo wahudumu watakaosema tunajipa kazi bure. Kwa fangasi ndogo ya vidole vya miguu nakubaliana nao, mpeni mgonjwa krimu aende zake. Lakini mapunye hayaponi kwa krimu, kwa sababu ugonjwa umeingia ndani ya unywele. Mtoto hupewa vidonge kwa wiki nyingi. Kabla ya kumezesha mtoto dawa mwezi mzima na zaidi, kukwangua kichwa kwa dakika moja si kazi bure.

Kingine ni kwamba si kila doa ni fangasi. Doa lililofifia rangi, lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa pamba mgonjwa hasikii, laweza kuwa ukoma. Ukoma bado upo Tanzania, dawa zake hutolewa bure, na unapona kabisa. Lakini mishipa ya fahamu haingojei tyubu tatu za krimu ziishe. Vidole vikishapinda, dawa haivinyooshi.

Zipo pia krimu zilizochanganywa na steroidi, kama zile zenye betamethasone. Hizo ndizo zinazosifiwa sana madukani, maana muwasho hutulia mapema. Kumbe fangasi inaendelea kutambaa, na sura yake inabadilika hata mganga anashindwa kuitambua. (Akina dada mnaozipaka ili mng'ae, maneno haya yanawahusu ninyi pia.)

Kwa akina mama, naomba tuseme bila aibu. Uchafu na muwasho ukeni vyaweza kutokana na fangasi, au bakteria, au kijidudu kiitwacho trikomonasi. Tone la uchafu huo chini ya hadubini husaidia kuvitofautisha. Trikomonasi ikionekana, mume naye lazima atibiwe, la sivyo mama atanunua dawa ya fangasi mwaka mzima na ugonjwa utarudi kila mwezi. Na kama ni fangasi kweli lakini inarudi rudi, apimwe sukari.

Nimeacha kwa makusudi jambo zito mwishoni. Kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, ipo fangasi iitwayo kriptokokasi ambayo huingia kwenye utando wa ubongo na kuleta maumivu makali ya kichwa, kuchanganyikiwa na kifo. Kipimo chake ni matone machache ya damu kwenye kijikaratasi, na jibu hupatikana kwa dakika kama 10. Kinaweza kuonyesha ugonjwa wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa mwaka 2015, uliwafuata watu wenye CD4 chini ya 200 walioanza dawa za VVU. Waliopimwa kriptokokasi na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo walikufa kwa asilimia 28 pungufu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwenye ndugu aliyeanza dawa akiwa amedhoofu, au aliyeziacha kisha akarudi, amuulize mhudumu kuhusu kipimo hiki siku hiyo hiyo.

Mkija kupimwa ngozi, njooni bila mafuta, bila krimu, bila majani yaliyotwangwa. Aliyepaka dawa ya fangasi karibuni anaweza kupata jibu la "hakuna" wakati ipo. Basi aseme alipaka nini na lini, nasi wahudumu tusimgombeze. Wajumbe wa kamati za afya nao waulize kama hadubini ya zahanati yao inafanya kazi, ni nani anayeitumia, na kama ile chupa ya potasiamu haidroksidi ipo rafuni.