Uwanja wa ndege si shamba la mkubwa

Ndugu msomaji, huenda unaisoma tahariri hii ukiwa umesimama Mtaa wa Kongo, mzigo begani, jua la saa saba linakuchoma utosini. Au uko kijiweni Gerezani, gazeti moja mnalisoma watu saba. Ukisikia habari za uwanja wa ndege unageuza ukurasa haraka utafute matokeo ya Simba na Yanga. Unasema moyoni: hayo ni ya wenye nazo, mimi na daladala yangu tunaelewana.

Hapo ndipo wanapokupiga bao. Uwanja wa ndege unaulipia wewe ambaye hujawahi hata kugusa ngazi ya ndege. Katika bidhaa unazonunua na kuuza pale Kariakoo, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 imo. Fedha hiyo inakwenda Hazina, na viwanja vya Serikali vinajengwa na Hazina.

Tukupe mfano unaoujua mwenyewe. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwagawia wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo. Kila machinga akatakiwa kulipa Sh. 20,000. Sasa shika kalamu. Zidisha 670,000 kwa 20,000. Unapata Sh. bilioni 13 na milioni 400. Jasho la machinga 670,000 wa nchi nzima, hata kama wangelipa wote bila kubaki mmoja!

Wakati huohuo, huko Chato mkoani Geita, uwanja wa ndege wenye njia ya kurukia ya kilometa 3 ulikuwa unajengwa. Gharama iliyotajwa hadharani ilikuwa kiasi cha Sh. bilioni 39. Yaani vitambulisho vyote vile vingenunua theluthi moja tu ya uwanja huo. Na Chato ni wapi? Ni nyumbani kwa Rais huyohuyo aliyekuwa Ikulu.

Wabunge wa upinzani walisimama bungeni wakahoji: fedha hizi zimepita mlango gani, na nani ameamua kwamba Chato itangulie? Waliambiwa wana wivu, hawapendi maendeleo. Hiyo ndiyo dawa ya siku zote ya chama tawala: ukiuliza hesabu, unaitwa adui wa nchi.

Tuseme wazi ili asiwepo wa kutulisha maneno. Wananchi wa Chato ni Watanzania kama sisi, na hawakukosea kuzaliwa kijiji kimoja na Rais. Geita kuna dhahabu. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019, na watalii wanahitaji mahali pa kutua. Januari 2021 Waziri wa Mambo ya Nje wa China, Wang Yi, alitua hapohapo Chato. Zipo hoja za kuutetea uwanja ule. Lakini hoja hupimwa kabla ya kumwaga lami. Ikishamwagwa, kinachobaki ni visingizio.

Ugomvi wetu si na Chato, ni na utaratibu. Ibara ya 136 ya Katiba inaweka masharti ya kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na idhini ya Bunge ndiyo ufunguo wa mfuko huo. Ufunguo haukuwekwa mfukoni mwa Rais, awe mwema au mbaya. Rais mwema akizoea kujichotea, atakayemfuata ataukuta mlango hauna kitasa.

Tazama kando ya ziwa hilohilo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwa ndani, 19 wakafa. Waliotangulia kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hatusemi kwamba uwanja wa Chato ndio uliosababisha msiba ule. Tunauliza tu: kabla ya kujenga kiwanja kipya kwa mkubwa, nani alikaa mezani na orodha ya viwanja vyote vya kanda ile akaangalia kipi kinahitaji nini, hata boti ya uokoaji? Orodha hiyo ndiyo maana ya bajeti.

Usidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Kule Zaire, Mobutu alijenga kijijini kwao Gbadolite uwanja wa kutua Concorde. Alipoangushwa mwaka 1997 kasri zake ziliporwa, na uwanja ukabaki ukumbusho wa bwana mkubwa. Kenya, enzi za Moi, ulijengwa uwanja wa kimataifa wa Eldoret, kwenye kitovu cha siasa zake, ukafunguliwa mwaka huohuo wa 1997 huku wapinzani na wafadhili wakihoji. Eldoret unatumika hadi leo, hasa kwa mizigo. Sawa. Lakini kiwanja kupata kazi baadaye hakufuti swali la nani aliruhusu fedha itoke.

Na sisi tuna kidonda chetu cha zamani: rada. Serikali ilinunua kwa kampuni ya Kiingereza, BAE Systems, rada ya pauni milioni 28 ya kuongozea ndege. Benki ya Dunia ilisema bei ni kubwa mno, hata waziri mmoja wa Uingereza, Clare Short, akapinga. Wakubwa wetu wakasema tutanunua. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kwamba haikutunza hesabu zake sawasawa, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwetu kununulia vitabu na madawati ya shule. Ni aibu, ndugu msomaji! Mwizi aliingia nyumbani kwetu, na aliyemfukuza ni jirani wa ng'ambo.

Kwa nini hatukumfukuza wenyewe? Kwa sababu mbwa wetu wa kubweka anafungwa mdomo. Mbwa huyo ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Unakumbuka yaliyompata Profesa Mussa Assad? Alisema Bunge lina udhaifu wa kusimamia ripoti zake. Januari 2019 akaitwa mbele ya kamati kama mtuhumiwa, Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, Novemba akawekwa mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba. Haki ilikuja, lakini ilikuja mtu ameshaondoka na faili zimeshahamishwa meza.

Na hata aliyemfuata, ripoti zake hazikuwa tamu. Shirika letu la ndege, ATCL, ndege zake zikinunuliwa kwa fedha za walipakodi, lilipata hasara ya Sh. bilioni 60 katika mwaka 2019/20. Mwaka 2022/23 hasara ilikuwa zaidi ya bilioni 56. Mwaka 2023/24 ikapanda kupita bilioni 91. Ripoti inasomwa, magazeti yanapiga kelele wiki mbili, kisha kimya. Nani ameulizwa? Nani amerudisha senti?

Sasa rudi nyumbani Kariakoo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko letu, alilolichora Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua. Wafanyabiashara wakatawanywa, wengine Kisutu, wengine Machinga Complex. Fedha zilizotengwa kulijenga upya zilikuwa Sh. bilioni 28. Tarehe ya kumaliza ikafika, ikapita, na watu wakaendelea kungoja. Linganisha mwenyewe: bilioni 28 kwa soko linalolisha jiji zima, bilioni 39 kwa kiwanja cha wilaya moja. Je, mizani hii ilipimwa na Bunge, au ilipimwa na mtu mmoja kwa mkono wake?

Sisi tunadai mambo matatu, na wewe uyadai pamoja nasi.

Kwanza, hesabu ya kila kiwanja cha ndege cha Serikali, si ya mamlaka nzima kwa jumla, itolewe kila mwaka kwa Kiswahili: kimeingiza shilingi ngapi, kimetumia ngapi, abiria wangapi wamepita. Kiwanja kinachoendeshwa kwa hasara kijulikane, na sababu ya kukibeba isemwe. Huenda ni sababu nzuri; wagonjwa na wakulima nao wanahitaji ndege. Lakini isemwe.

Pili, kiwanja kipya kisianze kuchimbwa hata futi moja kabla fedha yake haijaonekana kwenye kitabu cha bajeti, na taarifa ya faida na hasara yake kuwekwa mbele ya Bunge.

Tatu, CAG alindwe na Katiba kwa vitendo. Asiondolewe kwa kuwa amesema lililo kweli.

Na wewe kijana, kazi yako ipo. Ripoti ya CAG si siri, inawekwa wazi kila mwaka. Itafuteni hapo kijiweni, mmoja asome, wengine wasikilize. Mbunge wako akija kuomba kura kwa fulana na kofia, muulize ripoti ile ameisoma ukurasa gani. Akibabaika, umemjua.

Unapomuuzia mtu suruali, unahesabu chenji mbele yake, na hakuna anayesema una wivu. Serikali nayo ikuhesabie chenji yako. Uwanja wa ndege si shamba la mkubwa, ni mali yako wewe uliyesimama juani Mtaa wa Kongo.