Mashindano ya Uvuvi Yanataka Waungwana

Kila msimu mashua za uvuvi wa starehe hutoka Malindi, Watamu na Shimoni kwenda kushindania sulisuli na jodari. Ni mchezo mzuri, tena si mgeni pwani yetu. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alivua Malindi mwaka 1934. Lakini mpira una refa na macho ya watazamaji. Huko kwenye maji makuu, ukipinda sheria, nani atapuliza filimbi?

Sheria zenyewe zipo. IGFA, chama cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1939, hakimtambui samaki ikiwa mtu mwingine aligusa fimbo ya kuvulia au mshipi wakati mvuvi anavutana naye. Sasa fikirini: jua kali, mikono ya mvuvi inatetemeka, na baharia amesimama kando yake. Mvuvi akimpokeza fimbo kidogo tu ili apumue, watakaojua ni wale waliomo chomboni. Mvuvi mwungwana akifika bandarini husema mwenyewe, "Huyu msimhesabu." Wala asimtie nahodha wake katika jaribu la kusema uongo kwa sababu ya bahashishi.

Tazameni yaliyotokea Marekani Septemba 2022, katika mashindano ya Ziwa Erie huko Cleveland. Wavuvi wawili walileta samaki wazito kupita maumbo yao. Mkuu wa mashindano akawapasua samaki hao hadharani, na matumboni zikatoka chubwi za risasi na minofu ya samaki wengine. Zawadi ilikaribia dola 29,000. Mwaka uliofuata wakakiri mahakamani, wakahukumiwa kifungo cha siku 10. Mimi nawahurumia zaidi washindani wao, waliowapongeza siku zilizopita bila kujua walikuwa wakiwapongeza watu gani.

Uungwana huo unadai pia samaki mwenyewe apewe haki yake. Najua wako watakaouliza: kwa nini kumwachia samaki ilhali watu wanataka kitoweo? Mvuvi wa ngalawa anayetafuta riziki ampeleke nyumbani, ni haki yake. Lakini aliyekwenda kucheza amekwisha kupata alichokifuata pale sulisuli alipofika ubavuni mwa mashua. Tazama kazi ya baharia hodari wakati huo: amevaa glavu, amemshika samaki mdomo ule mrefu, na mashua inakwenda polepole ili maji yapite kwenye matamvua yake. Samaki aliyekuwa amelegea huanza kupiga mkia, na hapo ndipo huachiwa. African Billfish Foundation, yenye makao Watamu, huhimiza atiwe alama kwanza, ili akinaswa tena ijulikane amesafiri wapi. Samaki wa namna hii ana faida zaidi kuliko yule anayening'inizwa gatini apigwe picha kisha aozee juani.

Basi, vijana mnaoanza mchezo huu, mwenzako akinasa samaki mkubwa, kunja mishipi yako umpishe. Injini yake ikizima, acha kuvua ukamvute, hata kama samaki wanaruka mbele yako. Nanyi wenye kamati, msisome jina la mwenye mashua peke yake siku ya kutoa vikombe. Someni pia majina ya nahodha na mabaharia wake, na aliyeacha kuvua akamwokoa mwenzake mfidieni muda alioupoteza.