Ndama Hakutoka Motoni Peke Yake

Haruni alipoulizwa na Musa habari za yule ndama wa dhahabu, alijibu kwamba yeye aliitupa tu dhahabu motoni, ndama akatoka. Ajabu ni kwamba katika sura hiyohiyo, Kutoka 32, tumekwisha kusomewa kuwa aliichonga kwa patasi. Udhuru huo wa fundi ungali hai. Siku hizi unasema: "Mimi ni msanii tu, na msanii ni kioo cha jamii."

Usemi huo wa kioo ni uongo. Kioo hakipokei malipo ya awali. Hakirudii picha mara tatu mteja asiporidhika. Msanii huchagua neno hili akaacha lile, huongeza rangi hapa na kuficha sura pale, na mwenye kuchagua huulizwa.

Tutazame kwa majirani zetu. Mwishoni mwa 1993 gazeti la Kangura la Rwanda, katika toleo lake la 26, lilichapisha panga kwenye ukurasa wa mbele, kando ya picha ya rais wa zamani Kayibanda, pamoja na swali: ni silaha gani zitakazotumika kuwashinda "mende", yaani Watutsi. Panga lile halikujiweka lenyewe pale. Kuna mkono uliopima nafasi yake. Miezi michache baadaye mapanga ya kweli yalikuwa mabarabarani.

Simon Bikindi alikuwa mtunzi wa nyimbo aliyependwa sana, na nyimbo zake zilirushwa na redio RTLM. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi hapa Arusha ilimhukumu miaka 15 mwaka 2008. Wapo watakaodakia kwamba hakufungwa kwa nyimbo, bali kwa maneno ya uchochezi aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani. Ni kweli. Lakini mahakama hiyohiyo ilisema baadhi ya nyimbo zake zilitungwa ili kueneza chuki ya kikabila. Haikuthibitishwa tu kwamba alizitunga kwa nia ya watu kuuawa. Hakimu hupima jinai. Je, sisi tunaokula meza ya Bwana tutaridhika na kipimo hicho?

Mtu atasema, hayo ni ya Rwanda, sisi hatuna panga. Haya, tuje nyumbani. Nani anayechora mabango ya kamari yanayomwonyesha kijana akicheka juu ya noti, wakati kijana mwenyewe amekopa nauli? Nani anayepamba picha ya nabii wa mafuta ya upako, akimwongezea miale kichwani na kuandika kwamba kisukari kitaondoka Jumapili? Mgonjwa anayeacha dawa zake kwa sababu ya bango lile hamjui aliyelichora, na aliyelichora hamjui yeye. Wengine ni vijana wetu wa kwaya. Demetrio mfua fedha wa Efeso alikuwa mkweli kuliko wao: katika Matendo 19 alikiri waziwazi kwamba shida ni biashara.

"Watoto watakula nini?" Swali hilo si la kubezwa, na hapa lawama inageukia kwetu viongozi na washarika. Kijana yule akimkatalia mtu wa kamari, anakuja kanisani, nasi tunampa kazi ya bango la mavuno kwa ahadi kwamba Mungu atamlipa. Na kwenye bango hilohilo tunamwomba aweke umati ambao haukuwahi kuhudhuria ibada yetu, umetolewa kwenye picha ya mkutano mwingine! Tumemfundisha uongo, tena bila ujira.

Maandiko yanasema Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya dhahabu, mawe na mbao. Kama tunaamini kipawa hiki hutoka huko, basi baraza la wazee lina kazi mwezi huu. Fungu la mapambo ya madhabahu lipo kwenye bajeti, na la spika lipo. La kumlipa mchoraji halipo.